Rafiki wa Mali Kauli

Msikilizaji, katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mtu mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki alitunga kitabu kidogo cha kuwaongoza wafanyabiashara wa baharini. Kitabu hicho kinajulikana kama Periplus ya Bahari ya Erithrea, na pwani yetu imo ndani yake. Mwandishi anautaja mji wa Rhapta, soko la mwisho kabisa kwa aliyekuwa akishuka kusini, uliopewa jina hilo kwa sababu ya mashua zake za kushonwa, mji wenye pembe za ndovu nyingi na magamba ya kasa. Ulikuwa wapi hasa, wataalamu bado wanabishana. Wengi wanautafuta kati ya hapa Dar es Salaam na delta ya Rufiji, ambako Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifukua shanga za Kirumi.

Leo sina haja na mahali ulipokuwa mji huo. Nina haja na mzigo. Mwandishi anataja bidhaa zilizoletwa pwani hii kuuzwa: mikuki, mashoka, visu, vyombo vya kioo. Kisha anasema ziko sehemu ambako walishusha pia mvinyo na ngano, tena si haba, na hapo anaeleza jambo ambalo mwenye duka yeyote wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, atalielewa mara moja. Mvinyo ule na ngano ile havikuwa vya kuuza. Ilikuwa gharama ya kujipatia urafiki wa wenyeji. Neno alilolitumia ni filanthropia, na mwanzo wa neno hilo ni filos, yaani rafiki.

Basi neno hilo la Kigiriki liliandikwa kwa habari ya pwani yetu karibu miaka 2000 iliyopita, na liliandikwa penye meli, shehena na soko. Nimeona tulizungumze kwa sababu kila siku nawasikia watu wakiudharau urafiki wa sokoni. "Yule si rafiki yangu, ni mambo ya biashara tu." Mimi usemi huo siukubali, na Wagiriki wa kale wangeshangaa kuusikia.

Kwao filos lilikuwa neno pana. Katika tenzi za mshairi Homer, mtu huliambatisha neno hilo na moyo wake, na mikono yake, na magoti yake mwenyewe. Na mke wake, na mtoto wake. Maana yake hapo ni kile kilicho changu, nisichoweza kutengana nacho. Kitenzi kilichotokana nalo kilitumika kwa kumpokea mgeni: kumpa maji ya kunawa, kumlisha, kumlaza, kumpa zawadi akiondoka. Baadaye, huko Athens, filoi wa mtu walikuwa wote walio upande wake, wa damu na wasio wa damu, ambao akipatwa na jambo watakuja, na wao wakipatwa lazima aende. Sisi tunalo neno la namna hiyo. Mtu akikwambia "nina jamaa yangu bandarini", huwezi kujua kama ni mtoto wa shangazi yake au ni mtu waliyejuana kwenye kijiwe cha kahawa. Unachojua ni kwamba mzigo ukikwama kuna mlango wa kugonga.

Tena neno lenyewe tunalo mdomoni bila kulitambua. Tunaposema falsafa tunamtaja rafiki wa hekima. Filipo ni mpenda farasi, na Theofilo, ambaye Luka alimwandikia Injili yake, ni rafiki wa Mungu. Nabii Ibrahimu Waislamu humwita Khalili, na Waraka wa Yakobo, kwa Kigiriki chake, unamwita filos wa Mungu. Msikiti na kanisa hapa mjini vimekutana kwenye cheo hicho kimoja.

Kuna kisa kimoja cha Homer nakipenda sana. Diomedes na Glaukos wanakutana katikati ya vita vya Troia, kila mmoja na mkuki wake, tayari kuuana. Wanaulizana ukoo, kama ilivyokuwa desturi. Glaukos anapotaja babu zake, Diomedes anachomeka mkuki ardhini. Babu yake yeye aliwahi kumkaribisha babu wa yule kwa siku 20 na wakapeana zawadi. Wale mababu wamekwisha kufa zamani, na hawa wawili hawajawahi kuonana, lakini urafiki upo, umerithiwa kama shamba. Wanakubaliana kukwepana vitani, wanabadilishana silaha, na Glaukos anatoa za dhahabu akapokea za shaba. Homer mwenyewe anaona Glaukos alipungukiwa na akili siku hiyo. Nami namwelewa Glaukos vizuri kuliko mshairi wake. Pale hapakuwa na mnada.

Tuje Kariakoo. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza cha Vita Kuu ya Kwanza, kilichopiga kambi eneo hilo baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Wapagazi wale walitoka makabila mengi, wakafungishwa mizigo pamoja na wengi wakafa njiani. Mtaa umepata jina kwa watu wasio wa ukoo mmoja ambao maisha ya kila mmoja yalikuwa mabegani mwa mwenzake, na mpaka leo ndivyo ulivyo.

Tazama mali kauli, yaani kupewa bidhaa kwa ahadi ya mdomo, inavyokwenda. Mama mwenye duka la vitenge Masasi anashuka kwenye basi na kwenda moja kwa moja kwa tajiri wake. Mkononi ana milioni 2. Mzigo anaoutaka ni wa milioni 5. Tajiri hamwulizi hati ya nyumba wala barua ya mtendaji. Anavuta daftari, lile kubwa la jalada gumu ambalo pembe zake zimekunjamana na kurasa zimechakaa kwa vidole, anaandika: Mama Masasi, idadi ya majora, alichotoa, kilichobaki. Hakuna sahihi. Anafunga daftari na kusema neno moja, "Usiniangushe." Vijana wanafunga robota, wanalipandisha kwenye mkokoteni, na vitenge vya milioni 3 ambavyo havijalipiwa vinaanza safari ya kwenda Masasi. Baada ya wiki simu ya tajiri inalia: laki 5 zimeingia. Daftari linafunguliwa, tarakimu ya zamani inapigwa mstari, mpya inaandikwa chini yake.

Mara ya kwanza hupati kauli. Utaulizwa, "Nani kakuleta?" Na aliyekuleta haandiki popote kwamba amekudhamini, lakini ukitokomea na mzigo yeye ndiye hapiti tena mtaa ule. Mwalimu Nyerere alipoamua kumfasiri Shakespeare kwa mara ya pili, akatoa Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alituletea kwa Kiswahili kisa cha mfanyabiashara wa bandari aliyeweka rehani nyama ya mwili wake ili rafiki yake apate mkopo. Mtu wa Kariakoo haoni ajabu katika kisa hicho. Anajua watu walioweka rehani jina lao kwa ajili ya mwenzao, na anajua kwamba jina likikatwa haliponi kwa urahisi.

Sasa sikiliza alivyosema mwanafalsafa Aristotle, karne ya nne kabla ya Kristo, katika kitabu chake cha maadili kinachoitwa kwa jina la Nikomakhos. Sehemu mbili nzima, ya nane na ya tisa, zinahusu urafiki. Anaugawa mara tatu: urafiki wa manufaa, urafiki wa raha, na urafiki wa watu wema wanaotakiana heri kwa ajili ya wema wenyewe. Huo wa tatu ndio anaouita kamili, na anasema ni adimu, unahitaji muda, watu mpaka wale chumvi pamoja. Wasomi wengi wanaishia hapo. Wanaubeba mgawanyo huo na kuuweka urafiki wa soko chini kabisa.

Lakini ukiendelea kusoma sehemu ya nane, Aristotle anafika Mtaa wa Kongo. Anasema urafiki wa manufaa nao ni wa namna mbili. Mmoja una masharti yaliyotamkwa, mkono kwa mkono au kwa kupeana muda wa kulipa. Katika mwingine mtu humpa mwenzake kama anavyompa rafiki, bila masharti, huku akitarajia kurudishiwa sawa na alichotoa au zaidi. Anakiri kwamba hapo ndipo lawama zinapozaliwa, kwa sababu watu hupenda kuonekana wakarimu huku moyoni wanahesabu. Halafu anataja jambo linaloniamsha kila nikilisoma: katika baadhi ya miji, sheria haikuruhusu kesi kwa madeni ya wale waliopeana muda wa kulipa. Aliyeamua kumwamini mtu na ayapokee yatokanayo na kuamini kwake.

Hiyo ndiyo mali kauli, msikilizaji. Na kinachonigusa ni kwamba wenye miji ile hawakuipuuza biashara ya kuaminiana. Waliiheshimu kiasi cha kuiweka nje ya mkono wa hakimu.

Ninapotofautiana na Aristotle ni hapa. Anasema urafiki wa manufaa hufa manufaa yakiisha. Huenda aliona hivyo kwao. Kwetu nimeona mara nyingi kinyume chake, na ushahidi upo kwenye daftari jingine, lile la rambirambi. Ingia msiba wowote wa Buguruni, Temeke au Magomeni. Chini ya turubai kuna meza ndogo, kuna kijana na daftari, na kila anayefika anatoa chochote na jina lake linaandikwa. Familia hulihifadhi daftari lile miaka mingi, kwa sababu wote waliomo humo wana haki ya kutembelewa siku yao ikifika. Soma majina. Utakuta shangazi, utakuta jirani, utakuta mwenye duka la jumla alikokuwa akichukulia marehemu, na dereva wa fuso aliyekuwa akimbebea, na winga aliyekuwa akimletea wateja. Walianza kwa manufaa, hakuna ubishi. Marehemu hawezi tena kumnufaisha yeyote kati yao, na wamekuja, wengine wamefunga maduka siku ya mnada mkubwa ili waje.

Nadhani Aristotle aliuangalia urafiki kama vyumba vitatu vyenye kuta. Hapa mjini naona ni njia moja ndefu, na wengi wetu tunaiingilia kupitia mlango wa haja. Kijana anayeshuka leo kituo cha mabasi cha Magufuli akitokea Singida au Kigoma hana wema wa kumwonyesha mtu. Anahitaji pa kulala na kazi ya kubeba. Atakayempokea ndiye atakuwa ndugu yake, na mjini hapa neno ndugu halikuhitaji damu tangu zamani.

Bandarini nako haikuwa tofauti. Makuli wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma 1943, wakagoma tena Septemba 1947, na safari hiyo mgomo ukaenea mji mzima na kupanda na reli ya kati kuingia bara. Wengi wao walikuwa vibarua wa kutwa. Kibarua akigoma hali. Hawezi kusimama nje ya geti asubuhi bila kuamini kwamba yule aliye pembeni yake, wa kabila jingine na dini nyingine, hatapenya kwa mlango wa nyuma.

Halafu tuna utani, na hapa sijui kama Wagiriki walikuwa na kitu cha kutufikia. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi ilikuwa ikikatiza nchi ya Wazaramo na Wazigua kuja pwani, na watu wasio na undugu walihitaji njia ya kupitiana bila kisu. Mngoni na Mhehe walipigana vita vikali katika karne ya 19. Leo ni watani. Adui wa jana ndiye mwenye ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe. Diomedes na Glaukos wangekuwa wa kwetu, vizazi vyao vingekuwa watani mpaka sasa.

Watu wa mbali hudhani utani ni mzaha. Nenda msibani uone. Familia imelegea kwa kilio, hakuna mwenye nguvu ya kushika jembe. Watani ndio wanaoingia. Mmoja amevaa koti la marehemu na kofia yake, anatembea kwa kuchechemea kama alivyokuwa akichechemea, anadai chai kwa sauti yake ile ile ya kukoroma, mpaka mjane aliyekuwa hajanyanyua uso tangu jana anacheka huku machozi yanamtoka. Makaburini mwingine anaingia shimoni, anajilaza, anasema hatoki mpaka alipwe. Watu wanachanga, anatoka, maziko yanaendelea. Hakuna anayemkasirikia, na kesho akifiwa yeye utamlipa kwa kipimo hicho hicho. Ni wajibu. Mtani asipokuja watu huuliza, na huwa wanauliza kwa uchungu.

Kariakoo imelichukua neno hilo la utani na kulipeleka uwanjani, kwenye soka. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936, na yanayosimuliwa ni kwamba ya pili ilizaliwa kutokana na mgawanyiko ndani ya ya kwanza. Jangwani kwa Yanga na Msimbazi kwa Simba ni mwendo wa miguu. Magazeti huziita watani wa jadi, na nalipenda jina hilo kwa dhati, kwa sababu linatukumbusha kwamba anayenicheka Jumatatu baada ya kufungwa ndiye aliyenikopesha nauli Ijumaa. Siku hizi mitandaoni nasoma matusi kati ya mashabiki ambayo mtani wa kweli hawezi kuyatamka, kwa sababu yule anayetukana hatakuja msibani. Ana ruhusa ya nusu ya kwanza ya utani, matusi, bila kubeba nusu ya pili, msiba. Hilo linanihuzunisha kuliko matokeo ya mechi yoyote.

Mali kauli nayo ina majeraha yake. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliwaka katika jengo la soko kuu la Kariakoo, lile alilolisanifu Beda Amuli na lililofunguliwa mwaka 1975. Aliyekuwa na mzigo wa kauli mle ndani aliamka hana bidhaa na deni likiwa palepale. Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa kwa mgomo kuhusu kodi na taratibu za kusajili stoo, mpaka Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaja Mnazi Mmoja kukutana na wafanyabiashara. Serikali inahitaji kodi na risiti ya mashine, na ni haki yake. Hospitali hazijengwi kwa kauli. Ninachoomba ni kwamba wanaopanga sera za soko hili wajue kuna mtaji mkubwa ambao hauonekani kwenye mashine yoyote, nao ni watu kuaminiana. Mama Masasi hana dhamana ya kumpelekea meneja wa benki. Dhamana yake ni miaka aliyolipa bila kukosa. Ukibuni utaratibu unaomfanya tajiri aogope kumwandika kwenye daftari, umemfungia duka.

Na wapo wanaokuua kuaminiana huku kutoka ndani. Mtu anachukua kauli kwa watu wanne, anazima simu, anahamia mji mwingine na kufungua duka. Hajaiba vitenge peke yake. Amemfungia mlango kijana atakayekuja mwezi ujao kutoka wilaya ileile aliyotoka yeye, ambaye ataambiwa, "Watu wa huko tumeshawajua."

Kuna tangazo ambalo kila mkazi wa mji huu amelisikia. Kabla mwili haujaondoka nyumbani, au pale makaburini, msemaji wa familia husimama na kusema kama yupo anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, aonane na familia. Mwenye kudai huja na daftari lake. Wengine husema palepale mbele ya watu kwamba wamesamehe, na kwa Waislamu wenzangu hilo ni jambo zito, maana deni humfuata mtu. Familia nyingi hulipa hata penye mstari mmoja usio na sahihi.

Lakini anayenifanya niamini ninayoyasema ni yule mwingine, anayedaiwa. Yeye anaweza kunyamaza. Marehemu alikuwa haandiki, au daftari limepotea, na hakuna aliyejua. Anasubiri wiki zipite, watu wapungue, kisha anakwenda kwa mjane: "Shemeji, mimi nilichukua mzigo kwa marehemu, milioni moja na nusu. Hii hapa laki 8, nyingine nitaleta mwisho wa mwezi ujao." Mjane hana pa kulinganishia. Anahesabu, anashukuru, anamwita mwanawe mkubwa aje amsalimie mgeni na ashike jina lake na mtaa lilipo duka. Kijana yule akija kuanza biashara yake, akaulizwa Kariakoo nani kakuleta, analo jina la kutaja.